Neno la Katikati

Simu iliingia dukani ndani ya soksi ya mtoto.
Bosibori aliitua juu ya kioo cha kaunta, akarudisha mkono upesi
kama aliyeshika kaa.
"Ya ndugu yangu, Ombasa. Haijawaka tangu Aprili.
Picha sizitaki. Nataka kujua alikuwa anaenda wapi."

Chini, Luthuli ilikuwa inapimana nguvu kwa spika,
kila duka na kelele zake, hakuna amsikiaye mwenzake.
Huku juu, orofa ya pili, mlango wa nne,
mimi nina taa, kibano, spiriti na subira.
Zilizozama vyooni nimezifufua,
zilizokanyagwa na lori Nyamakima, nazo pia.
Simwulizi maiti amekufa kwa nini.
Namwuliza amebeba nini.

Ilipopata moto ikadai namba ya siri.
Vidole vyangu vikaandika tarakimu nne.
Ikafunguka.

Sikubahatisha.
Sikufikiri hata.

Hamna picha. Hamna ujumbe. Hamna namba hata moja:
shamba lililovunwa hadi mabua.
Ila kibodi ina ukaidi wake. Mtu hufuta aliyoyaandika,
hafuti alivyozoea kuandika.
Nikagusa N, na maneno matatu yakajipanga juu
kama watoto wanaosubiri kutumwa:
*nisipo, nitakuwa, naomba.*
Nikachukua la katikati.
Likaleta mengine matatu. Nikachukua la katikati.
Kidole kikaenda kama mbuzi na kamba yake:

*nitakuwa orofa ya pili mlango wa nne
kwa fundi mwenye kovu nyuma ya sikio*

Nikajipapasa.
Kovu ni la pikipiki, mwezi wa nne. Ndivyo nilivyoambiwa.
Siku zile mimi sinazo. Ulimi ukipita
unakuta pengo, jino haulikumbuki.

Stima ikapotea jengo zima.
Spika zote za Luthuli zikakata kauli kwa pamoja,
nikasikia viatu ngazini, polepole,
viatu vya mtu asiyehesabu vidato kwa kuwa anavijua.

Nina desturi nisiyomwambia mtu.
Kila simu niifunguayo, chini ya betri
huchora mstari mfupi kwa ncha ya sindano,
nisije nikadanganywa siku ikirudi.
Nikaizima. Nikaibandua betri kwa ukucha,
nikamulika kwa simu yangu.

Mistari mitatu.
Yangu. Inalalia kushoto, kama nichoravyo.
Na chini yake, mwandiko wangu, herufi za sisimizi:
*Muthiani hubonyeza la katikati.*

Hu.
Mwalimu Nzilani alitufundisha darasa la sita:
kiambishi hiki hakina nafsi, hakina saa.
Mvua hunyesha. Mto hushuka.
Muthiani hubonyeza.

Nikairudisha betri. Sentensi ilikuwa inaningoja
palepale nilipoiacha, na maneno matatu juu yake:
*akamwambia, akasahau, akakimbia.*

Nikapeleka kidole kushoto.
Kikasimama hewani.
Na yule wa mstari wa tatu, yeye hakupeleka kushoto?
Na wa pili, hakwenda kulia, akijiona mjanja?

Basi nitaandika langu, nikasema,
herufi kwa herufi, neno ambalo halikupendekezwa na yeyote,
neno nililolipata leo, kwa masikio yangu, kaunta hii.
Nikagusa B.

*Baba, Bosibori, basi.*

Viatu vimefika mlangoni. Havibishi.
Giza limejaa harufu ya spiriti
na sauti ya mwanamke, ya upole, imechoka kidogo:
"Fundi. Umefika wapi safari hii?"

Sindano iko mkono wa kulia.
Sijakumbuka kuichukua.